Breki Zilizonyamaza Kigombe

Nimerudi Nguvumali tangu Jumapili, na kabla sijavua viatu nimekuta hadithi yangu imekwisha kufika gereji. Wako wanaosema nilitumbukia mtoni na gari zima. Wako wanaosema nilipaka breki samli. Jirani yetu mmoja wa Makorora, ambaye hajawahi kukaa nyuma ya usukani hata siku moja, ndiye anayejua mengi kuliko wote. Nimeona heri niandike mara moja, mpokezane hizi karatasi, kisha mniache nifanye kazi. Habari za petroli na za kuomba ruhusa naziacha, hazina ladha.

Nguvumali hadi Horohoro

Wengi wenu mnalijua gari la Bi Salma, lile la rangi ya maziwa aliloachiwa na marehemu mumewe. Yeye ni bibi wa Kiarabu wa hapa hapa Tanga, mwenye minazi michache na magoti mabovu, na mimi ndiye ninayemwendeshea na kumtengenezea. Jumatatu aliniita barazani kwake akaniambia kwamba mdogo wake, Bi Asha, anaumwa sana huko Kipumbwi, ng'ambo ya mto Pangani. Ndugu hawa walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja. Sababu sikuijua na sikuuliza.

"Nataka radhi yake, Zakaria," alisema. "Akiondoka kabla hatujasameheana, mimi nitamwambia nini Mungu?"

Kwa desturi yao hawezi kufunga safari ya namna hiyo na dereva peke yake, tena dereva Mlutheri kutoka Bumbuli. Kwa hiyo kwanza nilitumwa Horohoro nikamchukue ndugu yao wa kiume, Mzee Nassor, anayekaa Vanga, ng'ambo ya mpaka. Basi la upande ule lingemshusha mpakani.

Gari lilianza maneno nilipofika kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Duga. Nilikanyaga breki ili nipishe lori, gari likapiga yowe. Wakata mkonge waliokuwa kando ya njia wakatua mizigo yao wote kwa pamoja, wakidhani ni filimbi ya mnyapara. Mnyapara mwenyewe akaja amenikazia macho. Nikataka kumweleza kwamba ni gurudumu, nikakanyaga tena ili asikie, likalia tena, na wale waliokwisha kuinama wakasimama mara ya pili. Akaniomba kwa adabu niliyoistahi niondoke shambani kwake upesi.

Nikaendelea polepole, dirisha wazi, nikisikiliza. Ninyi mnajua tunavyofanya, lakini naandika kwa faida ya jirani wa Makorora. Kelele ya gurudumu huulizwa maswali kama mgonjwa. Unalia nikikanyaga breki tu, au hata nisipokanyaga? Mwendo ukizidi, unalia haraka zaidi? Nikikata kona, unabadilika? Kwa kuuliza hivyo niligundua kwamba kelele zilikuwa mbili. Lile yowe lilikuja kwa breki tu. Ya pili ilikuwa ya kukwaruza, krr krr krr, haikujali breki, na mwendo ulipozidi nayo ilizidi.

Horohoro basi lilikuwa halijafika. Nilikaa kwa muuza chai mmoja, Mdigo mchangamfu, nikala muhogo wa nazi na chai ya tangawizi, na saa tatu zikapita. Nilipokuwa nikiinua gari kwa jeki, yule muuza chai aliacha wateja wake akaja kunisaidia kwa maneno.

"Hiyo ni panya," alisema. "Gari la mjomba wangu lilikuwa vivyo hivyo. Panya alijenga ndani ya gurudumu."

"Panya hawezi kukaa humo, bwana. Gurudumu linazunguka."

"Ndiyo maana alikuwa akilia."

Nikazungusha gurudumu la mbele la kushoto kwa mkono, nikaweka sikio. Nyuma ya kila gurudumu kuna bati la kuzuia vumbi, na katikati ya bati na ile dramu ya chuma ya breki palikuwa pamenasa jiwe, dogo kuliko punje ya korosho. Nikalitoa kwa bisibisi, krr krr ikakoma. Muuza chai akaliweka kiganjani akalitazama kwa masikitiko makubwa. Nadhani mpaka leo anaamini panya alikimbia.

Horohoro kurudi Tanga

Mzee Nassor alishuka basi alasiri, kanzu yake bado imenyooka, mkononi ana kikapu cha halua kwa ajili ya mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono muda mrefu akiniuliza habari za watu nisiowajua. Ni mzee mwembamba, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi. Ujanani alikuwa na kinu cha kusindika miwa huko juu ya mto Pangani, akipika sukari guru, na njiani aliniambia mambo ya kinu hicho kwa mapenzi kuliko watu wengine wanavyosema habari za watoto wao.

Tulipopunguza mwendo karibu na kijiji kimoja, gari likapiga yowe. Mzee akashtuka, akashika kilemba chake.

"Fundi, gari hili linalia."

"Ni breki, mzee. Haidhuru."

"Mbona hulitii mafuta? Kinu changu kilipolia nilitia mafuta ya nazi kwenye tundu lake, kikanyamaza siku ile ile."

Hapa nilikuwa na nafasi ya kumwambia maneno kumi tu. Ningemwambia kwamba kinu hutakiwa kizunguke na breki hutakiwa ishike, na kitu kinachoshika kikipata mafuta hakishiki tena. Mtu aliyeendesha kinu miaka ishirini angeelewa kabla sijamaliza. Lakini nilimjibu, "Hayo ni mambo ya ufundi, mzee," nikatazama mbele.

Msinicheke, maana wote tumelelewa hivyo. Fundi aliyenifundisha mimi alikuwa akinigeuzia mgongo kila alipofika penye siri ya kazi, ananituma maji, nikirudi kazi imekwisha. Tumezoea kudhani kwamba tukieleza tutakosa kuitwa. Mzee Nassor hakusema kitu tena juu ya gari. Akarudi kwenye habari za miwa.

Tulipofika kwa Bi Salma, breki zililia mbele ya mlango wake. Alitoka akasalimiana na ndugu yake, kisha akanitazama mimi.

"Kesho tunakwenda nyumba ya mgonjwa," alisema. "Sitaki kuingia kwa Asha na kitu kinachopiga ukelele namna hii. Watu watasema nimemletea kilio kabla ya wakati wake. Lizibe mdomo, Zakaria."

Nikasema ndiyo, nitaliziba.

Tanga hadi Kigombe

Tulitoka asubuhi. Nilipanga kuzifungua breki Kigombe, ambako Bi Salma ana shemeji, Bi Mwanaidi, ambaye ni mshonaji. Huko kungekuwa na kivuli, na wao wangepata pa kukaa.

Kabla ya hapo tulipita Tongoni, na huko mbuzi walikuwa wamelala njiani kama waliolipia. Nikakanyaga breki. Yowe lilitoka refu kuliko yote, na kabla halijakatika wanawake wawili walikuwa wamekwisha kutoka majumbani, kanga kichwani. Mmoja akaja mbio mpaka dirishani.

"Nani kafa?" akauliza. "Mwatoka kwa nani nyie?"

"Hakufa mtu, mama," nikasema. "Ni gari."

"Ni gari?" Akamtazama Bi Salma, aliyekuwa amevaa buibui na uso umemnyauka. "Basi poleni, lakini mwambieni lisilie hivyo. Sisi twadhani msiba."

Bi Salma alijifunika uso kwa buibui mpaka Kigombe. Mzee Nassor alikuwa akimtazama dada yake kwa kioo, na mimi nilikuwa nikimwona anavyomtazama. Alimhurumia sana, na ilionekana.

Bi Mwanaidi alitupokea kwa shangwe, akatutandikia mkeka, akasema hatuondoki bila kula. Nikavua shati nikaanza kazi. Niliyapapasa magurudumu yote kwa kiganja. La mbele la kulia lilikuwa moto kuliko wenzake, maana yake breki yake ilikuwa inabana hata nisipokanyaga. Nikayafungua yote manne. Ndani, vile vipande viwili vilivyopinda, vinavyotanuka kushika dramu, vilikuwa vimejaa vumbi jekundu na uso wake umekuwa unang'aa kama sahani. Hapo ndipo yowe linapotoka. Kitu laini kikisugua kitu laini kwa nguvu, hulia. Nikapangusa vumbi, nikavikwaruza kwa msasa mpaka vikawa vikavu na vya kuparuza, nikapangusa dramu, nikarudisha.

Muda wote Mzee Nassor alikuwa ameketi kando yangu kwenye kigoda, anatazama. Mwisho nilipitisha bisibisi kwenye kile kitundu kidogo cha dramu ili nizikaze breki ziwe sawa.

"Hilo tundu la nini?" akauliza.

"La kazi hii hii, mzee."

"Kazi gani?"

"Ya ufundi," nikasema, nikaona nimejibu vizuri.

Nikalijaribu gari uani. Lilitoa mlio mdogo tu, wa kufifia. Nikamwambia Bi Salma utaisha wenyewe baada ya maili chache, na hiyo ilikuwa kweli, kwa sababu vipande vilivyotoka kukwaruzwa vinahitaji kuzoeana na dramu. Lakini uso wake haukukunjuka. "Bado lalia," alisema.

Tukala wali wa nazi, changu wa kukaanga na mchuzi wa embe mbichi, na Bi Mwanaidi alinijazia sahani mara tatu kwa kuwa kila nilipokataa alidhani naona haya. Baada ya chakula kile nilijilaza chini ya upenu wa jiko. Nakiri nililala kama gogo.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Mzee Nassor alikwenda kwa Bi Mwanaidi, akaazima kile kikopo chenye mdomo mrefu cha kutilia cherehani mafuta, akakijaza mafuta ya nazi yaliyochujwa vizuri. Akaenda gurudumu hadi gurudumu, akatafuta lile tundu, akatia. Alitia kwa kipimo cha kinu chake. Kisha akakiosha kikopo, akakirudisha, akaswali adhuhuri. Hakuniambia, maana kwao mtu akikutendea wema hakutangazii. Na pia, nadhani, kwa kuwa mara mbili alikuwa ameuliza na mara mbili nilikuwa nimemfungia mlango.

Kigombe hadi Pangani

Tulipoondoka Kigombe, gari lilinyamaza kimya. Nilikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, hapakuwa na mlio. Nikakanyaga tena makusudi. Hapakuwa na kitu.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Salma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu Jumatatu. "Mkono wako mwema, Zakaria."

Nikavimba kichwa. Nilieleza kwa kirefu jinsi nilivyokuwa nimejua tangu Duga kwamba ni vumbi, na jinsi mafundi wengine wangebadilisha kila kitu. Mzee Nassor alisikiliza huku akitabasamu kidogo, kwa heshima, kama mzazi anayemsikiliza mtoto akisifia cheo kisichokuwa chake. Sikuelewa lile tabasamu.

Njia ile ni tambarare, mchanga na minazi na mkonge, na mimi mtu wa milimani nimezoea kupunguza mwendo kwa gia, breki nazitumia mara chache. Mara mbili nilipozigusa, gari lilivuta upande wa kushoto. Kila mmoja wenu angejua maana yake. Gari likivuta upande mmoja, breki za upande mwingine hazishiki sawasawa. Nami nilijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kusifiwa, na mtu aliyesifiwa hapendi kusimama njiani avue magurudumu. Nikasema moyoni ni mchanga.

Tulifika Pangani alasiri, pantoni ikiwa upande wetu, wamebakisha nafasi ya gari moja. Walisema ndiyo ya mwisho kwa siku ile. Kutoka barabarani kuna mteremko wa mawe unaoshuka moja kwa moja mpaka majini, mnaujua. Palikuwa na watu wengi wamesimama: wanawake na vikapu, mtu na baiskeli, na kando, juu ya ukingo, lilikuwapo tuta la makumbi ya nazi lililongoja kuchukuliwa.

Nikashuka polepole. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu, nzima kabisa, haikuzama. Lakini gari halikupungua mwendo. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Lilikuwa linateleza tu, taratibu, kwa utulivu, bila kelele yoyote, kuwaendea wale watu. Nikavuta breki ya mkono, nayo haikushika. Nikapiga honi, nikaingiza gia ya kwanza kwa nguvu, gari likanguruma na kushtuka, watu wakatawanyika. Niliuona mto karibu sana. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikakata usukani kulia nikaingia kwenye tuta la makumbi.

Tulisimama humo, kioo cha mbele kimefunikwa. Hakuna aliyeumia. Mwenye baiskeli alinitukana kwa ufasaha mkubwa. Kisha tukasikia pantoni inaondoka bila sisi.

Pangani

Walinisaidia kulitoa gari na kulisukuma mpaka pahali pa tambarare. Nilifungua gurudumu la kwanza, na kabla sijaona kitu nilisikia harufu. Ilikuwa harufu ya jikoni, ya wali wa nazi. Dramu ilikuwa inang'aa na vile vipande vimenyonya mafuta ya nazi mpaka vimekuwa vyeusi.

Nikainua kichwa. Mzee Nassor alikuwa amesimama mbele yangu anatazama mafuta yanavyochuruzika. Alikuwa ameelewa yote kwa mara moja, bila kuelezwa na mtu. Bi Salma alikuwa amekaa juu ya gogo nyuma yetu, anapapasa goti.

"Ni nini, Zakaria?" akauliza.

Sikuweza kumwaibisha mzee mbele ya dada yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kwa kweli sikutaka pia kurudi nyuma mpaka Kigombe, kwenye sifa zile.

"Ni kosa la ufundi, bibi," nikasema. "Mafuta yameingia kwenye breki."

"Tutavuka lini?"

"Kesho, pantoni ya kwanza."

Alitazama ng'ambo. Kule, kijijini Bweni, lilionekana lori la shamba la mkonge likiondoka na vumbi lake, nalo ndilo lililokuwa gari pekee kule. Kwa miguu Kipumbwi ni mbali hata kwa mtu mwenye afya, sembuse kwa magoti yale. Ngalawa ya kumvusha ingepatikana, lakini baada ya kuvuka angeketi pale Bweni bila usafiri. Akasema, "Kesho, inshallah," akajifunika ushungi.

Kazi ile ilikuwa mbaya. Mafuta yaliyonyonywa hayapanguswi yakatoka. Nilivua vipande vyote, nikaviosha kwa petroli, vikatoa mafuta. Nikaviosha tena, vikatoa tena. Mwisho nikaviweka juu ya bati kwenye moto wa makumbi, mafuta yakachemka na kutoa moshi, nikavikwaruza upya. Mzee Nassor alinisaidia. Alikunja mikono ya kanzu akasugua dramu kwa majivu mpaka ngozi ya vidole ikamwuma, wala hakupumzika. Jamaa zao wa Pangani walituletea bokoboko la ngano na nyama, na kahawa, naye hakula.

Bweni hadi Kipumbwi

Asubuhi tulivuka na pantoni ya kwanza. Niliyajaribu magurudumu kwenye mteremko kabla ya kupanda, na breki zilishika. Zililia vilevile, kwa sauti ile ile ya Duga, na mimi nilishukuru kuisikia. Bi Salma aliisikia pia. Hakulalamika, alisema tu, "Twende."

Njia ya kusini ni mbaya kuliko nilivyotegemea. Tulikwama mchangani mara mbili, na mara zote mbili watu wa kambi za mkonge walikuja kutusukuma, na mara zote mbili walitaka kwanza kujua tunatoka wapi, baba zetu ni nani, na Tanga mchele unauzwaje. Mmoja wao, Msambaa mwenzangu, aliposikia lafudhi yangu alitukatalia kuondoka mpaka tupokee ndizi mbivu. Tulizila tukienda. Mzee Nassor alishika yake mkononi bila kuimenya.

Karibu na Kipumbwi tulikutana na wanaume wengi wakija kwa miguu, wamevaa kofia na kanzu, miguu ina udongo mbichi. Nikasimamisha gari. Breki zililia, wakageuka wote. Mzee Nassor akateremka. Niliwaona wakimpa mkono mmoja mmoja, mkono wa taratibu, na hapo nilijua, na Bi Salma alijua.

Bi Asha alikuwa amefariki alfajiri. Walimzika saa nne. Mtu mmoja alituambia, kwa nia njema kabisa, kwamba jana magharibi alikuwa bado anasema, na aliuliza kama gari la Tanga limefika.

Sina la kupamba hapo. Kama tungevuka na ile pantoni ya alasiri, tungemkuta.

Nyumbani kwa marehemu wanawake walimpokea Bi Salma, na kilio kikaanza upya. Mimi na Mzee Nassor tulikaa nje kwenye majamvi na wanaume. Baada ya muda mrefu Bi Salma alitoka mpaka kizingiti cha mlango wa uani, akatuita sisi wawili tuje karibu. Macho yake yalikuwa makavu. Alitaka kujua tutaweza kurudi lini, maana hawezi kukaa matanga yote.

Mzee Nassor hakumwacha amalize.

"Salma," alisema, "si kosa la fundi. Ni mimi niliyetia mafuta kwenye breki. Kule Kigombe, alipolala. Nilitaka gari linyamaze, usione aibu. Ni mimi niliyekucheleweshea."

Bi Salma alimtazama. Nilikumbuka ile miaka kumi na moja, nikamwona mzee amesimama na vidole vyake vilivyochubuka, nikaona wazi kwamba anangojea kupewa miaka yake na yeye. Moyo uliniuma, kwa sababu kule kutokujua kwake nilikuwa nimekutengeneza mimi.

"Aliniuliza, bibi," nikasema. "Aliniuliza kwa nini sitii mafuta, akaniuliza na tundu ni la nini. Mara zote nilikataa kumjibu. Ningemjibu, asingetia."

Bi Salma alikuwa bado anamtazama ndugu yake.

"Umekula, Nassor?" akamwuliza.

Mzee akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu Kigombe."

Bi Salma akageuka ndani akaagiza sahani. Kisha akaketi pale pale kizingitini kwa shida, kwa ajili ya magoti yake, akamshika kaka yake mkono akamvuta akae kando yake, na mimi akaniashiria nikae upande wa pili. Wali ulipoletwa, alimega tonge la kwanza akamtilia Nassor kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alitafuna huku analia.